Simu ya Mwonja Asali

Siku ya Jumatano foleni ya asali ilianza kujipanga kabla jua halijapanda vizuri. Ndoo nyeupe za lita ishirini ziliegemezwa kwenye ukuta wa ghala la ushirika, kila moja ikiwa na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe, na wenye ndoo walikaa pembeni yake kama watu waliomleta mgonjwa kwa daktari. Wengine walikuwa wameshuka kwenye lori la Igalula tangu alfajiri. Ndani, nyuma ya meza ndefu iliyotandikwa nailoni, alikaa Mzee Damas Masanja na kijiko chake.

Damas alikuwa mwonja asali wa ushirika kwa mwaka wa tisa. Alikuwa haoni. Presha ya macho ilimchukua jicho moja, kisha la pili, na tangu hapo pua na ulimi wake vilifanya kazi ya watu wanne. Alinusa ndoo akasema hii ni ya maua ya mti wa muyombo, hii ya mtundu. Alilamba akasema huyu alifukiza nyuki kwa majani mabichi. Alidondosha tone kwenye bakuli la bati, akasikiliza linavyoanguka, akasema, "Hii bado ina maji, irudi ikae." Karani akiliweka tone lilelile kwenye kipimo cha maji, mara nyingi kipimo kilikubaliana na mzee.

Lakini wiki hiyo kulikuwa na jambo jipya. Mnunuzi wa nje ya nchi alitaka kila ndoo ijulikane ni ya nani, imekaguliwa na nani na saa ngapi, na ushirika ukaagiza programu ya simu kwa kampuni moja ndogo ya mjini. Sharti lilikuwa kwamba aliyeonja ndiye abonyeze daraja, kwa simu yake na namba yake ya siri. Karani hakuruhusiwa kumbonyezea.

"Mzee Damas," alisema Ezekia, mwenyekiti wa ushirika, mtu mrefu aliyependa koti la kijivu hata wakati wa joto, "leo tunaanza rasmi. Unaonja, unabonyeza."

"Niko tayari, Mwenyekiti."

Simu ya Damas ilikuwa imewekewa sauti ya kusoma. Ilimsomea ujumbe, ilimtajia saa, ilimsomea hata Zaburi. Aliitoa mfukoni bila wasiwasi wowote. Tena binti yake Kabula alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni hiyohiyo iliyotengeneza programu, na kwa mwezi mzima hakuna mfuga nyuki aliyefika mezani pale bila kuambiwa habari hiyo.

Wa kwanza alikuwa Mama Ng'washi wa Igalula, mjane mwenye mizinga yake mwenyewe, na ndoo tatu. Damas alinusa, akalamba, akadondosha.

"Daraja la kwanza, zote tatu. Wabeja, mayu, asante mama. Umeisubiri mpaka ikaiva."

Mama Ng'washi aliinamisha kichwa kwa furaha. Damas akagusa kioo cha simu.

"Kitufe," ilisema simu.

Akasogeza kidole. "Kitufe." Akasogeza tena. "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."

Damas alipangusa asali kidoleni, akaanza upya kutoka juu, na simu ikamjibu vilevile, kwa sauti ileile isiyochoka. "Kitufe kipi?" aliiuliza chinichini, kama anayemuuliza mtu. Nyuma kwenye foleni mwanamume mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Damas alihesabu kwa kidole, akakisia, akagonga mara mbili. Simu ikatoa mlio mdogo.

Karani alitazama kompyuta yake. "Imeandika zimekataliwa," alisema. "Zote tatu."

"Irudishe."

"Hairudi, Mzee. Ikishaingia imeingia."

"Zimekataliwa na nani?" aliuliza Mama Ng'washi. "Si mwenyewe amesema daraja la kwanza? Tumesikia wote."

"Amesema, Mama. Lakini hivyo sivyo alivyoandika."

Ndoo zake tatu zilibebwa hadi kwenye kona ya zilizokataliwa, zikawekwa jirani na ndoo iliyonuka mafuta ya taa. Mama Ng'washi alizisindikiza kwa macho hatua kwa hatua. Nauli ya kurudi Igalula alitegemea itoke humo, na ilibidi aombe kwa mtu wa lori apandishwe kwa ahadi, mbele za watu, mwanamke wa umri wake.

Ezekia alinyoosha mkono akaitoa simu kiganjani mwa Damas, taratibu, akaizima. "Mzee, pumzika kidogo. Ijumaa utaonja na karani ataandika kwenye daftari, kwa muda tu. Jumatatu kamati itakaa. Nafikiri tutahitaji mtu mwenye macho. Si kwa ubaya."

"Asali haionjwi kwa macho, Mwenyekiti."

"Najua. Ila simu inasomwa kwa macho."

Damas alichukua kitambaa akafuta vidole vyake, kimoja kimoja, mpaka vyote kumi vikaisha.

*

Kabula alirudi nyumbani Gongoni saa kumi na moja jioni akiwa na hamu ya habari. Mama yake, Bertila, alikuwa uani anapepeta mchele wa Igunga aliokuwa akiuza rejareja. Baba yake alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, Baba. Imeanza leo?"

"Marahaba. Imeanza."

"Ikoje?"

Damas aliiga ile sauti, bila kuongeza wala kupunguza. "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."

Kabula alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Alipoona mama yake hacheki, akaacha. Bertila ndiye aliyemsimulia yote: ndoo za Mama Ng'washi, aliyecheka kwenye foleni, kikao cha Jumatatu, mtu mwenye macho. Alisimulia huku ungo ukienda na kurudi, na kila pumba ziliporuka Kabula alizidi kujikunja pale kwenye kizingiti.

Ukurasa ule aliutengeneza yeye. Alichora duara tatu, ya kijani, ya manjano na nyekundu, na kijichupa cha asali pembeni. Aliondoa maneno yote ili pawe pasafi. Bosi wake alipouonyesha ukutani kwa mashine, wafanyakazi wenzake walipiga makofi. Nyuma ya kila kitufe palikuwa na nafasi ndogo ya kuandika jina lake, ili simu za kusema ziweze kulitaja. Vitufe vilikuwa kumi na saba. Aliziacha nafasi zote kumi na saba wazi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

"Baba," alisema, "ukurasa ule niliutengeneza mimi."

Ungo ukasimama hewani.

"Wewe?" aliuliza Bertila. "Mwaka mzima unakula na baba yako sinia moja. Unamsikia anavyozungumza na hiyo simu asubuhi na jioni. Hukukumbuka?"

"Sikukumbuka, Mama."

"Basi hata jirani asiyetujua angekumbuka."

Damas aliinua mkono kidogo, na Bertila akaurudia ungo wake. Kabula alingoja hasira, na hasira haikuja, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Baba yake alimuuliza kwa sauti ya kawaida, ile aliyokuwa akimuulizia hesabu za shule:

"Ulipokuwa unaitengeneza, ulikuwa unamfikiria nani?"

Kabula alitafuta jibu la kweli. "Sikumfikiria mtu. Niliifikiria simu."

"Haya," alisema Damas. "Mimi nikiachishwa nitakula hapa, mama yako yupo. Lakini yule mama wa Igalula ndoo zake ziko pamoja na zilizoharibika, na ulimi uliosema ni nzuri ni huu wangu. Nataka Jumatatu niweze kuandika ninachokisema. Unaweza?"

"Nitajaribu."

"Sijauliza kama utajaribu."

"Naweza, Baba."

*

Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Nurdini, mwenye kampuni, alikuwa mtu mpole mwenye haraka ya kudumu. Alimsikiliza Kabula akiwa amesimama, funguo za pikipiki mkononi. Kabula bado alikuwa kwenye majaribio ya kazi. Alipewa nauli na chakula cha mchana, na kila mwisho wa mwezi aliambiwa subiri kidogo.

"Kuviwekea vitufe majina ni kazi ya nusu saa," alisema Nurdini. "Viwekee, tuwatumie, yaishe."

"Nahisi haitatosha. Nataka nikae kwanza nione wanavyofanya kazi pale ghalani. Hatukwenda hata siku moja."

"Kabula, mkataba umekwisha. Wamepokea, wamesaini. Mzee mmoja hayumo popote kwenye mkataba."

"Lakini ndiye anayebonyeza kila ndoo, bosi. Wengine wote wanasoma tu alichobonyeza yeye."

Nurdini alizichezea funguo. Hilo hakuwa amelifikiria, na uso wake ulilionyesha kabla hajaweza kuuzuia. "Una mpaka Jumatatu saa tatu," alisema mwishowe. "Kwa muda wako. Ikikwama mbele ya kamati, sitasema ni kampuni. Nitasema ni wewe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Mchana ule alivipa vitufe majina. Kweli ilichukua nusu saa. Akaomba ruhusa ya kuondoka mapema, akakimbilia nyumbani, akamkabidhi baba yake simu. Sasa ilisema. Ilisema yote: rudi nyuma, orodha, tarehe, msimu, mkoa, wilaya, kata, kijiji, aina ya mzinga, aina ya ndoo. Damas alifika kwenye daraja la asali baada ya kupita mambo kumi na manne. Bertila alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Dakika sita," alisema. "Na siku ya foleni ni ndoo sitini. Watu watahamia ghalani na vyandarua."

"Yote hayo mnunuzi anayataka, Mama," alisema Kabula, karibu kulia. "Siwezi kuyaondoa."

"Hakuna aliyesema uyaondoe," alisema Damas. Aliiweka simu pajani. "Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba kutoka hapa mpaka pwani, akarudi, akabeba tena. Baba alinieleza walivyokuwa wakifunga mzigo. Sufuria na chumvi juu, kwa sababu jioni ndivyo vitakavyotakiwa. Nguo nzuri ya kuingilia mjini chini kabisa, kwa sababu itatakiwa baada ya miezi mitatu. Uzito ni uleule. Ila aliyefunga ovyo alifungua mzigo mzima kila kambi, na wenzake wakamwacha nyuma. Wewe umefunga vizuri, mwanangu, umefunga ukakaza. Lakini hukuuliza safari ikoje."

Kabula alichukua daftari, akakata mstari juu ya kila kitu alichokuwa ameandika.

*

Siku ya Ijumaa alimpeleka baba yake ghalani, akaketi kwenye gunia karibu na meza, akatazama. Hakugusa kompyuta. Aliandika tu.

Aliandika kwamba baba yake huuliza kwanza "Asali ya nani?" na jibu ni jina moja, na jina hilo linatosha, kwa sababu kata na kijiji cha mtu havibadiliki kila wiki. Aliandika kwamba mkono wa kulia una kijiko na wa kushoto una asali, kwa hiyo hakuna kidole kisafi cha kulenga kitufe kidogo. Aliandika kwamba daraja hutamkwa kwa sauti na mwenye ndoo hulisikia, na kwamba dakika hiyo ndogo ndiyo watu waliyotoka mbali kuja kuisikia. Programu yake ilikuwa imeigeuza kuwa mlio.

Kisha aliona asilolitegemea. Mlangoni jua lilipiga kwenye kioo, na mfuga nyuki aliyetumiwa ujumbe wa programu wa kumwandikisha aliigeuzageuza simu, akaikinga kwa kofia, akakata tamaa: herufi za manjano juu ya nyeupe. Mama mmoja alimpa mwenzake simu amsomee, mwenzake naye akampa wa tatu. Na Mwenyekiti Ezekia, alipotakiwa kuthibitisha simuni hesabu ya ndoo za daftari, aliishika simu mbali, urefu wa mkono mzima, akakunja uso, halafu akamsogezea karani. "Nisomee. Miwani nimeisahau nyumbani."

Karani alimsomea. Ezekia alipotoka, akamnong'oneza Kabula, "Miwani hana. Huisahau kila siku."

Kabula aliandika na hilo, akalipigia mstari chini mara mbili.

Jumamosi nzima alifanya kazi kwenye meza ya chakula. Alifuta duara zake tatu, na kijichupa cha asali alichokipenda. Badala yake kioo chote kiligawanywa mapande matatu mapana: juu daraja la kwanza, katikati la pili, chini imekataliwa, kila moja kwa maneno meusi makubwa. Kidole kikigusa popote kwenye pande, simu inalitaja. Kikigonga mara mbili, inalichukua. Halafu inarudia yote kwa sauti na kuuliza kama ni kweli, nusu ya juu ndiyo, nusu ya chini hapana. Na hata baada ya ndiyo, mwonjaji aliweza kurekebisha mpaka ndoo iondoke ghalani. Mambo kumi na manne yote yalikuwemo bado, yamewekwa chini ya mzigo, kwa karani kuyajaza watu wakishaondoka.

Kikwazo kikawa sauti. Ile sauti ya simu iliyatafuna majina ya watu. Ng'washi ilimwita "Nigiwashi", na Damas akakataa kabisa. "Huwezi kumwita mtu hivyo mbele ya watu ukamwambia ni maendeleo."

"Basi kila mtu atasema jina lake mwenyewe," alisema Kabula baada ya kufikiri. "Mara ya kwanza tu. Simu italihifadhi, iwe inalirudisha kwa sauti yake."

"Na maneno mengine?"

Wote wawili walimgeukia Bertila, ambaye alikuwa anachambua mchicha. Bertila alikuwa msomaji wa masomo kanisani, na sauti yake ilifika mpaka kiti cha mwisho bila kipaza.

"Msinitazame hivyo," alisema, lakini tayari alikuwa ananawa mikono.

Mashine ya kusaga ya jirani ilinguruma, jogoo wakawika, ikabidi waingie chumbani na kujifunika shuka nzito, mama na binti, simu katikati yao. Mara ya kwanza Bertila alisoma kama anavyosoma waraka wa mtume, akaivuta "daraja la kwanza" mpaka pumzi ikamwishia.

"Si kanisani, Mama. Sema kama unavyomwambia Baba sahani iko wapi."

Bertila alifikiri. Kisha akasema, kwa upole na kwa ufupi, "Daraja la kwanza." Nje ya shuka walimsikia Damas akisema, "Hiyo. Hiyo usiiguse."

Jumapili, baada ya misa, walijaribu. Bertila alimpaka mumewe asali mikono yote kwa makusudi. Sekunde arobaini. Wakajaribu tena. Thelathini na tano. Kabula mwenyewe alijifunga kitambaa machoni, akafanya ndoo ishirini za kufikirika, na kila alipokwama aliandika, akarekebisha, akajifunga tena. Alishangaa jinsi alivyokwama mara nyingi mahali ambapo kwa macho palionekana wazi kabisa.

*

Jumatatu saa tatu kamati ilikaa ghalani, watu saba kwenye viti vya plastiki. Nurdini alikuja na shati jipya, akakaa pembeni. Wafuga nyuki kumi na wawili walikuwa wamesimama na ndoo zao, Mama Ng'washi akiwa mmoja wao. Mezani mbele ya Ezekia palikuwa na redio ndogo ndani ya boksi lake na cheti kilichotiwa fremu, na kila mtu alijua ni vya nani.

Ezekia alikohoa. "Tumekutana kwa jambo la heshima. Mzee wetu ametutumikia miaka tisa..."

"Mwenyekiti," alisema Damas, amesimama, "samahani kukukata. Kabla hujanishukuru, nipe foleni moja. Ikinishinda, nishukuru, nitaipokea redio na nitaisikiliza."

Wajumbe walitazamana. Ezekia alimtazama Nurdini, na Nurdini akamtazama Kabula. "Programu imefanyiwa marekebisho," alisema Nurdini kwa uangalifu, "na huyu binti."

"Haya. Foleni moja."

Mama Ng'washi alitangulia. Ndoo zake zilitolewa kwenye kona, zikawekwa mezani, na karani akaziingiza kwenye kompyuta. Damas alinusa, akalamba, akadondosha tone kwenye bakuli, akasikiliza. Kisha akagusa simu, na simu haikusema neno.

Akagusa tena. Kimya. Nurdini aliinamisha uso. Kabula alipiga hatua moja kuelekea mezani.

"Niache," alisema Damas. Alipapasa ubavu wa simu, akapata kitufe cha sauti, akakibonyeza mara nne. "Mtu aliizima sauti asubuhi hii, alipoishika kuitazama." Ezekia aliitazama dari.

"Huyu mfugaji ni mpya," ilisema simu, kwa sauti ya Bertila, ikajaza ghala. "Mama au Baba, taja jina lako."

Mama Ng'washi alirudi nyuma nusu hatua. Damas alimsogezea simu. Akainama juu yake, akasema polepole, kama anayeapa, "Ng'washi binti Masolwa, wa Igalula."

Damas aligusa, akagonga mara mbili. Kidole kilikuwa na asali, kikateleza. Simu ikasema, "Ng'washi binti Masolwa, wa Igalula. Ndoo tatu. Daraja la pili. Ni kweli?" Jina lilikuwa kwa sauti yake mwenyewe, na yaliyobaki kwa sauti ya Bertila.

Ghala zima lilisikia kosa. Mjumbe mmoja alianza kutikisa kichwa. Damas hakuwa na haraka. Aligonga nusu ya chini.

"Imefutwa. Chagua tena."

Akagusa juu kabisa, akagonga.

"Ng'washi binti Masolwa, wa Igalula. Ndoo tatu. Daraja la kwanza. Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Mama Ng'washi kabla ya mtu yeyote, na watu wakacheka, kicheko cha kupumua, na Damas akagonga ndiyo.

"Imeingia," alisema karani, macho kwenye kompyuta. "Daraja la kwanza. Ile ya Jumatano imefutika."

Mama Ng'washi aliweka kiganja juu ya mfuniko wa ndoo yake. "Hebu iseme tena jina langu," alimwambia Damas. "Kwenye karatasi zao huwa wananiandika Neema."

Foleni ilikwenda. Ndoo thelathini na moja, na alipomaliza chai ya kamati ilikuwa bado ina joto. Mbili alizikataa, na wenye ndoo walisikia sababu na hawakubisha. Wajumbe walikuwa wameacha viti vyao wakasogea mezani. Mmoja wao, mzee wa Kigwa, aliomba ashike simu, akagusa pande la katikati, ikamwambia daraja la pili, akaondoa kidole haraka, akagusa tena.

Ezekia alikuwa wa mwisho kusogea. Aliinama karibu na Kabula, akapunguza sauti, lakini ghala lile lilikuwa la bati na halikujua kutunza siri. "Binti yangu, ule ukurasa wangu wa kuthibitisha hesabu. Nao unaweza kuusemesha?"

"Nimeshausemesha, Mwenyekiti. Na maandishi nimeyakuza."

Ezekia akaelewa kwamba ameonwa, na akaelewa pia kwamba hakutangazwa. Akanyoosha koti lake. "Umefanya vizuri," alisema, kwa sauti ya mtu, si ya mwenyekiti. Kisha akakichukua cheti, akakigeuza uso chini. "Hiki tutakiandika upya. Redio, Mzee Damas, chukua tu."

"Redio tunachukua," alisema Bertila kutoka mlangoni. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

Nje, Nurdini alimsubiri Kabula karibu na pikipiki. Alisema wakulima wa mpunga wa Igunga wameomba programu ya maghala yao, na kwamba safari hii angependa waende huko kwanza, siku tatu, kabla ya kuandika chochote. Angependa Kabula aongoze. Alisema pia kwamba habari ya majaribio imekwisha, mkataba wake utakuwa mezani kesho. Halafu akasita. "Na baba yako. Unafikiri atakubali awe anatujaribia vitu kabla hatujavitoa? Kwa malipo, si kwa hisani."

"Muulize mwenyewe," alisema Kabula. "Yuko ndani."

*

Jioni ile Damas aliomba apelekwe mbele ya kompyuta ya binti yake. Aliketi, akaweka viganja juu ya vibonye, akavipapasa mpaka pembeni.

"Humu ndimo ulimoandika?"

"Humu, Baba."

"Ni mengi?"

"Mistari elfu mbili na zaidi kidogo."

Alipiga mluzi mdogo. "Na jina lako liko mstari gani?"

Kabula alitabasamu. "Halipo. Programu haiandikwi jina la fundi. Mtu akitumia kitu kikamwendea vizuri, hafikirii aliyekitengeneza."

Damas aliendelea kupapasa vibonye. Bertila alipoleta chakula, alizungumza habari za mvua.

Lakini Jumatano iliyofuata, foleni ilipokuwa ndefu hadi barabarani na wageni wametoka mpaka Nzega, mfuga nyuki mmoja alisikia simu ikitaja jina lake mbele za watu, akaduwaa, akauliza kitu hiki kimetengenezwa Ulaya au wapi. Damas aliweka kijiko chini. Alikaa sawasawa kwenye kiti chake, akageuzia uso upande wa foleni, akasema kwa sauti ambayo hata walioko nje waliisikia:

"Kimetengenezwa na Kabula Damas Masanja, wa Gongoni. Ni binti yangu, na nilipomwambia kimenishinda, alikivunja akakijenga upya."

Akapapasa meza, akakipata kijiko.

"Anayefuata."